Kutengeneza modeli ya Eagle: chagua dakika kwanza, gundi baadae

Mtu akishapata seti ya kuunganisha ya Eagle, kile chombo cha Apollo 11 kilichotua mwezini, kitu cha kwanza anachofanya ni kufungua boksi na kuanza kukata vipande usiku huo huo, na mi naelewa kabisa maana mkono unawasha. Ila nakuomba boksi liweke pembeni kidogo. Kabla ya gundi, kabla ya rangi, amua modeli yako inaonyesha dakika gani. Eagle haikuwa na sura moja, ilibadilika kila hatua ya safari, na karibu kila swali utakalokutana nalo mbele, miguu ikaeje, mlango uwe wazi au umefungwa, udongo uwe na nyayo au la, jibu lake linatoka hapo.

Angalia mwenyewe. Tarehe 20 Julai 1969 Eagle ilipoachana na Columbia, chombo mama kilichobaki kikiuzunguka mwezi, mwanaanga wa tatu Michael Collins alibaki ndani ya Columbia akaitazama ikizunguka taratibu mbele yake ili ahakikishe miguu yote minne imefunguka sawasawa, na picha alizopiga zipo. Hapo chombo ni kisafi, kinaelea, na chini ya miguu mitatu zinaning'inia fimbo ndefu zilizonyooka. Saa 20:17 kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, kikatua na fimbo zikapinda. Neil Armstrong akakanyaga mwezi saa 02:56 ya tarehe 21 kwa saa hizo hizo, yaani kuna saa 6 na nusu na ushee ambazo chombo kimesimama pale na hakuna unyayo hata mmoja. Alafu ndo inakuja ile ambayo kila mtu anaijua, bendera, nyayo kila mahali, mlango wazi, vifaa vimetolewa. Na mwisho kuna ile ambayo watu wanaisahau kabisa: sehemu ya juu imeshaondoka na wanaanga wake, imebaki sehemu ya chini peke yake kama meza ya miguu minne, na bendera imelala chini maana Buzz Aldrin mwenyewe alisema aliiona ikianguka injini ilipowaka.

Kwa anayeanza mi nashauri achukue zile saa 6 na nusu. Huhitaji kuchora nyuso za wanaanga wa sentimita 4, mlango umefungwa, vifaa bado vimekunjwa ubavuni, na udongo hauna hata alama ya kiatu. Na mbali na urahisi ndo dakika ninayoipenda kuliko zote, chombo kimefika, watu wawili wako ndani wamesimama (viti havikuwepo mle, viliondolewa ili kupunguza uzito), na nje hakuna kilichoguswa na binadamu bado. Maelezo yangu mengi hapa chini yanafuata dakika hiyo, we ukichagua nyingine nitakuonyesha pa kubadilisha.

Sasa ukubwa. Eagle ya kweli ilikuwa na kimo cha karibu mita 7 na upana wa kama mita 9.4 ukipima kutoka mguu hadi mguu unaotazamana nao. Kwa skeli ya 1/48, yaani sentimita 1 ya modeli ni sentimita 48 za kweli, hiyo inakuja karibu sentimita 15 kwenda juu na 20 upana, ukubwa mzuri sana, inakaa kwenye rafu ya kawaida na bado unaona vitu vidogo. Kwa 1/72 ni kama sentimita 10 kwa 13, inawezekana lakini kazi ya foili nitakayoieleza inakuwa ngumu maana mikunjo inabaki mikubwa wakati chombo kimekuwa kidogo. Kampuni za modeli Revell, Monogram na Dragon wametoa za 1/48, Airfix wana ya 1/72. Ukiona mtu amekupendekezea uanze na roketi nzima ya Saturn V ya 1/96 kumbuka ile ya kweli ilikuwa na mita 110 na kitu, kwa hiyo modeli inapita mita 1 na haikai popote ila sakafuni.

Kabla hujakata, kusanya picha. Picha za safari zina namba, zile za AS11-40 zilipigwa kwa rangi pale pale juu ya mwezi na zile za AS11-44 zilipigwa kutoka angani, Collins akiwa ndani ya Columbia. AS11-44-6581 inakuonyesha chombo kizima kikiwa kinaelea na miguu imefunguliwa, na kwa anayetaka modeli ya kuelea hiyo moja inamtosha kuanzia. Zitafute kwenye hifadhi za NASA kwa namba yenyewe, upate zile kubwa unazoweza kuvuta karibu mpaka uone utepe uliobandikwa kwenye maungio. Kitu kimoja nakuomba sana, usijenge kwa kuangalia chombo cha makumbusho peke yake. Kile cha National Air and Space Museum kule Washington ni LM-2 (LM ni Lunar Module, jina la aina hii ya chombo), hakikuwahi kuruka, kimevalishwa kifanane na Eagle ambayo ilikuwa LM-5. Ni kizuri kwa kuelewa umbo, ila foili yake imefungwa na mikono mingine kabisa, kwa hiyo rangi na mikunjo chukua kwenye picha za mwezini.

Kukata na kuunganisha nitapita haraka maana maelekezo ya boksi yanatosha. Osha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni vikiwa bado kwenye fremu, plastiki inatoka kiwandani na mafuta mafuta ya kalibu iliyomiminiwa na rangi haishiki vizuri juu yake. Kata mbali kidogo na kipande, alafu malizia kwa wembe mpya na msasa laini, ukikata karibu sana mara moja plastiki inang'oka na kuacha shimo. Gundi nyembamba ya kuyeyusha plastiki, kama Tamiya Extra Thin, unashika vipande viwili pamoja kisha unagusa brashi kwenye maungio, inajipenyeza yenyewe. Fungua dirisha, ule moshi wake si mzuri. Sehemu ya juu na ya chini usizigundishe pamoja mpaka mwisho kabisa, kila moja ina kazi yake tofauti na utashukuru ukiwa unaigeuza mkononi. Na vile vitu vyembamba, antena na vijinozeli (vijimdomo vya kutolea moto) 16 vya kuongozea vilivyo pembeni kwa makundi manne ya vinne vinne, viache kwenye boksi viwe vya mwisho, ukivibandika mapema utavivunja vyote kwa kiwiko.

Hapo kwenye makundi manne kuna jambo la kuangalia. Eagle ilikuwa na kitu kama mifereji ya bati iliyowekwa chini ya kila kundi ili moto wa vinozeli usiunguze sehemu ya chini, na vyombo vilivyotangulia vya Apollo 9 na Apollo 10 havikuwa nayo. Kama seti yako haina, kata kwenye karatasi ya plastiki nyembamba, ikunje kwa kuizungushia kalamu, ibandike na vijiti viwili vitatu vya kuishikilia. Ni kazi ya jioni moja na inabadilisha sura ya chombo kabisa.

Sehemu ya juu ipake rangi tu, usiiwekee foili ya dhahabu. Watu wengi wanakosea hapa, wanaweka dhahabu kila mahali. Ukitazama picha utaona kabini ni mabati ya kijivu na fedha yenye vivuli tofauti tofauti, na baadhi ya paneli ni nyeusi. Mi natumia rangi tatu za fedha, moja inayong'aa, moja imetiwa tone la kijivu, moja imetiwa tone la nyeusi, napaka paneli moja moja nikizibadilisha, na zile nyeusi situmii nyeusi kavu ya kopo bali natia kijivu kidogo ndani yake maana nyeusi kamili kwenye kitu kidogo inaonekana kama shimo. Shimo la kweli liache kwa madirisha yale mawili ya pembetatu.

Haya tuje kwenye foili, hapa nataka ukae.

Modeli yangu ya kwanza niliipulizia spirei ya dhahabu sehemu yote ya chini, ikatoka laini, inang'aa, na ikafanana na kombe la mashindano. Niliitazama wiki nzima bila kujua tatizo ni nini mpaka niliposoma lile ganda la dhahabu ni kitu gani hasa. Kwanza si dhahabu. Ni Kapton, plastiki nyembamba yenye rangi kama ya asali, imepakwa aluminiamu kwa nyuma, kwa hiyo mwanga unapita kwenye asali, unagonga fedha, unarudi ukiwa umekuwa dhahabu. Pili si ganda moja, ni blanketi la tabaka nyingi za kuzuia joto, na mafundi wa Grumman, kampuni iliyotengeneza Eagle, kule Bethpage, New York, walizikunjakunja zile karatasi kwa mikono kabla ya kuzishona kuwa blanketi, makusudi kabisa, ili tabaka ziguse mahali pachache na joto lisipate njia ya kupita kutoka moja kwenda nyingine. Ile mikunjo unayoiona kwenye picha ndo inayofanya kazi. Nikaelewa kwamba rangi haiwezi kuiga kitu hicho, inabidi ukitengeneze kwa njia ile ile kilivyotengenezwa.

Na inawezekana, kwa sababu Kapton yenyewe inauzwa kama utepe wa mafundi wa elektroniki, ile selotepu ya rangi ya asali inayovumilia joto, hata wenye printa za 3D wanaitumia. Chukua ile pana. Tandaza foili ya jikoni juu ya kioo, upande unaong'aa uangalie juu, bandika utepe juu yake taratibu ukisukuma hewa kwa ukingo wa kadi. Ukimaliza unayo kitu kile kile, asali juu na aluminiamu chini. Geuza kwenye mwanga uone, si njano tu, inabadilika kuwa kahawia, chungwa, karibu nyeusi pale inapojikunja. Mi mara ya kwanza nilikaa nayo mkononi muda mrefu nikiigeuza tu chini ya taa.

Kama huna utepe kuna njia nyingine mbili. Karatasi ya dhahabu ya kufungia chokoleti ni nyembamba mno na inakunjika vizuri sana kwa skeli hii, ila mara nyingi ni ya njano kupita kiasi, inyooshe kwa mgongo wa kijiko kisha ipake tabaka jepesi la rangi ya chungwa inayopitisha mwanga, Tamiya X-26. Au foili ya jikoni tupu upake X-24 ya njano na X-26 ukizichanganya, zote zinapitisha mwanga kwa hiyo fedha inaonekana chini yake. Hiyo ya mwisho ikikunjwa baada ya kupakwa inaweza kubanduka rangi, kwa hiyo kunja kwanza, paka baadae.

Kukata: sehemu ya chini ina pande nane, na pande hizo hazifanani, kuna za dhahabu, kuna nyeusi, kuna za fedha iliyofifia. Kabla ya kukata chora pande zote nane kwenye karatasi kwa namba na uandike kila moja ni rangi gani kwa kuangalia picha zako, bila hivyo utachanganyikiwa ukifika ya tano. Alafu funika upande mmoja kwa selotepu ya karatasi, chora mipaka yake kwa penseli, ibandue uibandike juu ya foili yako, hiyo ndo patani. Kata ukiacha milimita 3 za ziada kila upande kwa sababu ukikunja itanywea.

Kukunja nako kuna namna yake. Usifinye kwa nguvu kama unayetupa karatasi, ukifanya hivyo unapata mikunjo mikali ya saizi moja na inaonekana kama mfuko wa chipsi. Ifumbate kiganjani kwa upole kama umeshika kifaranga, fungua, igeuze, fumbata tena, mara tatu au nne, alafu ilaze juu ya kitabu na uipitishie kidole bila kukandamiza. Unataka mikunjo mikubwa michache na midogo mingi katikati yake. Sehemu zinazozunguka pembe ziache zimejaa kidogo, blanketi la kweli lilivimba vimba pale.

Gundi ya kubandikia usitumie supa gluu, mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya foili na ule mng'ao haurudi. Selotepu nyembamba ya pande mbili inafanya kazi vizuri, ama gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji kidogo, ila hiyo inachelewa kukauka kwa sababu foili na plastiki vyote havinyonyi maji, iachie usiku mzima. Bandika katikati kwanza, kisha zungushia kingo kuelekea kwenye maungio kwa kijiti cha meno. Ukimaliza kata utepe wa Kapton vipande vyembamba vya milimita 1 uvibandike juu ya maungio hapa na pale, si kila mahali, kwa kufuata picha. Vile vipande vidogo ndo vinavyofanya mtu ainame kuangalia karibu.

Miguu sasa. Chora kwenye karatasi duara la upana wa karibu sentimita 20 na msalaba wa pembe mraba katikati, weka chombo juu yake na uhakikishe sahani za miguu yote minne zinalingana kwenye lile duara wakati gundi inakauka, uweke vitabu vya kushikilia. Mguu mmoja ukikauka umepinda hutaweza kuuficha. Mguu wa mbele ndo wenye ngazi, na Eagle ilitua kwa ulaini kiasi kwamba vizuia mshtuko ndani ya miguu havikubonyea karibu chochote, ndo maana kidato cha mwisho cha ngazi kilibaki juu sana na Armstrong akalazimika kuruka chini kwenye sahani, na akajaribu kuruka kurudi juu kuona kama anaweza. Kwa hiyo usiifupishe miguu ukidhani imebonyea kwa uzito, iache na urefu wake wote.

Fimbo zile za kugusia ardhi zilikuwa na urefu wa kama mita 1.7, kwa 1/48 ni sentimita 3 na nusu. Kazi yake ilikuwa kugusa udongo kabla ya miguu na kuwasha taa ndani ya kabini, rubani azime injini. Eagle ilikuwa nazo tatu tu, mguu wa ngazi haukuwa nayo, iliondolewa isije ikajipinda ikasimama wima pale ambapo wanaanga wanashukia. Seti nyingine zinakupa nne, ya nne usiiweke. Kama modeli yako inaelea angani, fimbo ziwe zimenyooka kama rula. Kama imetua lazima zipinde, na plastiki ukiipinda inavunjika ama inaacha alama nyeupe, kwa hiyo tupa zile za plastiki uweke waya mwembamba wa shaba. Usipinde kwa namna moja zote tatu. Moja ilaze karibu na sahani, nyingine itokeze pembeni, chombo kilikuwa kinateleza kidogo kwa ubavu kilipogusa.

Nguzo za miguu zivalishe vile vile kwa vipande vya foili vya upana wa milimita 4, unavizungusha kuanzia juu kama bandeji, unakandamiza maungio kwa kijiti. Sahani nazo zifunike, ni kama sentimita 2 kila moja, kata duara kubwa kidogo na ulikunjie chini.

Stika za maji (zile za kulowekwa kabla ya kubandika), bendera na maneno UNITED STATES, ziko sehemu ya chini kwenye paneli tambarare, pakaa vanishi inayong'aa kwanza, bandika, subiri, alafu vanishi isiyong'aa juu ya stika tu. Usipitishe vanishi isiyong'aa juu ya foili hata kwa bahati mbaya.

Anayetaka modeli ya kuelea ndo anabadilisha hapa, hahitaji udongo kabisa. Toboa katikati ya mdomo wa injini ya chini, ingiza fimbo ya shaba ya milimita 3 ifike mpaka ndani ya mwili uliyoimarisha kwa kipande cha mbao kabla ya kufunga, na upande wa pili iingie kwenye ubao mzito. Basi, endelea kwenye taa.

Kwa waliotua: chukua ubao wa sentimita 30 kwa 30. Ukiwa umechagua dakika ya bendera chukua 40 kwa 40, maana bendera ilikuwa kama mita 8 kutoka katikati ya chombo, hiyo ni sentimita 17 kwa skeli yetu, na watu wengi wanaichomeka pembeni ya mguu kwa kukosa nafasi. Tandaza plasta isiyo laini sana, tengeneza vishimo vyenye kingo za duara zilizolainika, vingi vidogo na vichache vikubwa, mwezi haukuwa na kingo kali pale. Chini ya injini usichimbe shimo. Watu walitarajia shimo kubwa na halikuwepo, moto ulifagia tu vumbi kuelekea nje, kwa hiyo pita na brashi pana kavu kutoka katikati kwenda nje plasta ikiwa inaanza kushika, upate mistari hafifu kama ya ufagio.

Kabla haijakauka bonyeza sahani za miguu. Hapa pima. Armstrong akiwa amefika mwisho wa ngazi alisema sahani zimezama inchi 1 au 2 tu, hiyo ni sentimita 2.5 mpaka 5, ambayo kwa 1/48 ni nusu milimita mpaka milimita 1. Ni unene wa kadi. Kila ukizidisha chombo kinaonekana kimezama kwenye tope. Na kilisimama kikiwa kimeinama kidogo, kama nyuzi 4 na nusu, mguu mmoja uuwekee udongo chini uinuke kama sentimita 1 na nusu, na ile miwili ya kando yake nusu ya hapo, hutaona kwa kutazama moja kwa moja lakini ukikiweka sawa kabisa utaona kuna kitu hakiko sawa.

Juu ya plasta nyunyiza unga laini, majivu yaliyochekechwa ama unga wa kujazia vigae, juu ya gundi nyeupe iliyotiwa maji. Rangi yake ni kijivu chenye hudhurungi kidogo sana, si bluu. Nyayo kwa wale wa dakika ya bendera: bonyeza miguu ya sanamu yenyewe kwenye plasta mbichi, ni kama milimita 6 au 7 urefu.

Taa ndo inayomaliza kila kitu, na ni moja tu. Wakati wa kutua jua lilikuwa chini, kama nyuzi 10 juu ya upeo, na lilikuwa nyuma ya chombo, Eagle ilikuja ikielekea magharibi jua likiwa mashariki, kwa hiyo ngazi ilikuwa kivulini. Armstrong alishuka gizani. Weka taa moja ndogo ya LED nyeupe nyuma ya modeli, ukiiweka mita 1 na nusu iinue kama sentimita 27 kutoka kwenye udongo, zima taa za chumba, na utaona kivuli kinakimbia mpaka nje ya ubao na foili inawaka ukingoni tu. Usiongeze taa ya mbele ili ngazi ionekane. Kama unaona giza sana weka kipande cha karatasi nyeupe chini mbele, nje ya ubao, kirudishe mwanga kidogo, ndo kazi ambayo udongo wenyewe wa mwezi ulikuwa unafanya. Nyuma weka velveti nyeusi, inanyonya mwanga kuliko karatasi yoyote, na usichore nyota, kamera zao ziliwekwa kwa mwanga wa jua kali na nyota hazikutoka.

Funika kwa boksi la akriliki, vumbi likiingia kwenye mikunjo ya foili halitoki tena bila kuharibu. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya antena na dari ya boksi, na usiliweke dirishani, jua linageuza plastiki na stika kuwa njano. Boksi likiingia vumbi tumia brashi laini ya vipodozi, kamwe si kitambaa, nyuzi zake zinanasa kwenye vinozeli.

Cha mwisho ni kibao cha jina. Wengi wanaandika Apollo 11 basi. Mi kwenye changu nimeandika Eagle, 20 Julai 1969, saa 23:00 UTC, na wanaokuja kuangalia wananiuliza wanaanga wako wapi, nawaonyesha madirisha.